Baba Gaël, Fundi wa Mabega

Mwaka umezunguka, Baba Gaël, na hapa Kensington, Johannesburg, bado masikio yanasikiliza mlango saa za wewe kurudi kutoka kazini. Moyo ulikusimama Machi 2018, ukiwa kwenye cherehani yako kule Jeppestown. Hatukuagana.

Ulikuwa mtu wa huruma, mume wangu Alexis. Aliyefiwa akikosa suti, ulimwazima yako. Suti ile ilihudhuria misiba mingi kuliko padri wetu.

Na domo ulikuwa nalo. Tangu ununue kile kitabu cha zamani cha mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mpira mikononi na kuangushana, kila mteja alisimuliwa msimu wa 1905: vijana wa vyuo walicheza karibu bila kinga, wengine wakafa, mpaka sheria zikabadilishwa. Salum wa Tanga, fundi mwenzako, alikutania kwamba watu wanaleta suruali kupunguzwa, wanaondoka na historia.

Kumbe mtoto naye alisikiliza. Mwaka 2017 Gaël akaingia timu ya mchezo huohuo chuoni kwake, timu isiyo na vifaa vya kutosha. Nilikataa katakata. Ni mwanangu wa kiume wa pekee, niliogopa kumzika. Uliniacha nimalize, kisha ukasema, "Mama Gaël, mutoto atarudia nyumbani muzima. Nitamushonea mabega."

Ukawashonea wote fulana zenye mito mabegani, kama za kwenye picha za kitabu. Ila fundi wa kwetu Bukavu, Kongo, hatupi kitambaa: mito uliijaza masalio ya vitenge vya harusi. Mechi ya kwanza mvua ikamwagika. Vitenge vikanywa maji, vijana wakashindwa kukimbia, rangi ikachuja hadi fulana nyeupe zikawa kijani na nyekundu. Walifungwa vibaya. Ulicheka mpaka ukashika uzio. Kesho yake ulifumua yote, ukajaza sponji ya godoro letu la wageni bila kuniuliza. Gaël alimaliza msimu mzima hajavunjika hata kidole.

Ulipoondoka, aliacha mchezo. Kila Jumamosi alilala akiutazama ukuta. Nilidhani ningefurahi. Sikufurahi, mume wangu. Niliona nimewapoteza wawili.

Juma lililopita niliketi kitandani kwake nikamwambia, "Gaël, nilikuwa naogopa kukuzika. Sasa naona unajizika mwenyewe. Enda ucheze." Alilia, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akafuta uso, akakubali kwa lugha ya vijana wa hapa, "Sharp, Mama."

Jumamosi hii anacheza. Nitakuwa pale uwanjani, na bado naogopa.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Léocadie, wanao Gaël na Chloé, mdogo wako Steve aliye Bukavu, na Salum, ambaye hajamruhusu mtu kukaa kwenye kiti chako.

Hututoki moyoni, leo wala kesho.