Kaporali Feruzi Amekujibia

Baba,

Asalaam alaikum huko uliko. Sisi huku tu wazima, mama ni mzima, na wewe pia kwa muda fulani ulikuwa mzima. Usikasirike, nisikilize kwanza. Tulikuzika vizuri. Watu walijaa hadi barabarani, pilau haikutosha, na dada yako, Shangazi Mwanaidi, alilia kwa sauti ile uliyokuwa unasema inaweza kusimamisha gari moshi. Lakini habari haikuifikia serikali. Serikali ilikuwa na habari yake nyingine.

Matanga yalikuwa ndiyo kwanza yameanuliwa, mpiga mbiu akapita mtaani kwetu Kasuku akitangaza kwamba kamisheni ya pensheni za askari wa zamani imefika, nayo itaondoka na gari moshi la Jumamosi. Mambo hayo unayajua kuliko mimi. Mwenye pensheni lazima ajionyeshe, aitwe jina, ajibu Prezan, yaani nipo, waone kwamba anapumua. Ulikuwa unaamka kabla ya adhana kupiga pasi kaptula yako ya kaki mwenyewe, kwa sababu mama, ulisema, hajui mikunjo ya jeshi. Na ulitufundisha sehemu ya pili, ile ambayo hatukutaka kuisikia: siku ukifa tusikalie kadi yako. Tuirudishe, tuseme umekufa, na mama aende kwa mguu wake mwenyewe akaandikwe mjane. Asipoonekana, jina linafungwa, na kulifungua tena ni kwenda Kinshasa. Kinshasa, Baba! Mama huyu huyu ambaye akivuka Lualaba kwa mtumbwi anafunga macho hadi ng'ambo. Na bila pensheni ile angekula nini? Mikate yangu ya sokoni inalisha watoto wangu tu, na siku nyingine hailishi hata hao.

Tatizo ni kwamba mama yuko edani. Shangazi aliposikia kwamba mama atakwenda komini, ofisi ya serikali ya mtaa, akachukua kigoda chake akakaa mlangoni. "Mujane kutoka inje? Kindu itasema nini?" Nikaenda kwa shehe. Shehe akasema mjane mwenye haja anaruhusiwa kutoka mchana na kurudi kulala kwake, na kwamba kula ni haja. Nikarudi na jibu. Shangazi akasema anataka kulisikia kwa masikio yake, kwa hiyo tukaenda tena kwa shehe, naye akalisema tena, safari hii kwa sauti ya mtu aliyekatizwa chakula. Basi nilipotangulia komini peke yangu na kadi yako, pamoja na karatasi ya mazishi, jua lilikuwa kali na mwito ulikuwa umekwisha.

Karani alikuwa kijana aliyevaa abakosti, koti lile la serikali, beji ya chama kifuani, picha ya Rais juu ya kichwa chake. Nikamwambia nimekuja kutoa taarifa ya kifo cha Sajini Amisi Kalonda. Akapitisha kidole kwenye majina. "Huyu iko muzima. Alijibu leo asubui."

Nikamwambia nimekuzika. Akaniangalia kwa huruma, vile wanavyomwangalia mgonjwa wa homa kali. "Alijibu Prezan, tena na nguvu. Sitwayeni, mwananchi, hatuwezi kuandika mufu mutu mwenye kujibu. Kama kweli alikufa, akuye mwenyewe aeleze."

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Kindu nzima hakuna mwingine ila rafiki yako Feruzi, kaporali wako tangu vita vya Abisinia. Nyinyi wawili na mchezo wenu! Yeye akienda Lokandu kununua samaki, unamjibia. Wewe ukilala na malaria, anakujibia. Nakumbuka ulivyorudi nyumbani unacheka mpaka unashika ukuta, kwa sababu uliitikia jina la Feruzi, wakakuambia utoke mbele, ukatoka. Mara wakaita Amisi Kalonda, ikabidi utoke tena, kofia umeigeuza nyuma mbele na mguu mmoja unachechemea. Mama alikuambia ipo siku mtafungwa. Ukamwambia atakayefungwa ni mmoja tu, mwingine atajibu.

Nilikwenda kwake nikiwa na hasira ya kuvunja sufuria. Nikamkuta nyuma ya nyumba anamenya muhogo, hakuinua macho.

"Ningefanya nini, binti yangu? Waliita jina, halafu kimya. Mutu asipojibu, wanaandika mutoro. Amisi hakukimbia hata siku moja. Kinywa kilijifungua chenyewe."

Nikamwambia kinywa chake kitamlaza mama njaa. Nilisema kwa ukali, Baba, na ndipo nikaona kwamba mzee anaogopa kweli. Kumjibia marehemu ni kuidanganya serikali, na yeye mwenyewe hana kitu kingine ila pensheni yake. Akisema kweli, wanaweza kumkata. Akinyamaza, mama ndiye anayekatwa. Akamenya muhogo ule mpaka ukabaki kama kijiti. Kisha akasema, "Kesho nitakuya."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ya mwisho ya kamisheni. Natamani ungetuona. Mama katika nguo zake nyeupe, kichwa kimefunikwa, na Shangazi mbele yake akipunga mwavuli kufukuza wanaume njiani. "Pisha! Mujane iko anapita! Weye wa baiskeli, geuza uso!" Wa baiskeli akageuza uso, akaingia kwenye meza ya muuza karanga. Mama alikuwa ananong'ona, "Wifi, wifi, tafadhali." Kwa kuogopa Kindu itasema nini, Shangazi alihakikisha Kindu nzima imetoka nje kuangalia.

Wazee wenzako walikuwa wamekwisha kujipanga mistari katika uwanja wa komini kungojea malipo, medali kifuani na magongo mkononi. Mkubwa wa kamisheni, mnene kidogo, jasho linamtiririka shingoni, akamuuliza mama kama ana hakika kwamba bwana yake alikufa.

"Sitwayeni," mama akasema, "tangu siku ile hakuna mutu anasema chai yangu iko baridi. Alikufa."

Wazee wakacheka wote, hata mkubwa akauma midomo. Halafu akauliza ni nani basi aliyejibu jana. Kicheko kikaisha. Mmoja akaangalia mbingu, mwingine akaangalia viatu vyake, ambaye hana viatu akaangalia vidole. Feruzi akatoka mbele, akagonga visigino, akanyoosha mkono kwenye paji la uso. Alitaka kusema. Badala ya maneno, machozi yakashuka mpaka kwenye ndevu.

Mkubwa yule akajifuta jasho shingoni. Kisha akasema, "Jana gari moshi ilipiga kelele mingi. Labda sikusikia muzuri. Tutaita tena." Jana hapakuwa na gari moshi lolote, Baba. Mungu ampe mtu yule maisha marefu.

Akaita upya. Feruzi akajibu lake kwa sauti ya mtoto. Majina mengine yakapita. Kisha: "Amisi Kalonda."

Nilimwona Feruzi kinywa kinaanza kufunguka. Akavua kofia haraka akaiuma, meno yote, kama mtu anayeng'olewa jino. Hakuna aliyekohoa. Hata Shangazi alinyamaza, jambo ambalo wewe hukuwahi kulipata katika maisha yako yote. Mkubwa alingoja, alingoja kuliko alivyowangojea wengine. Halafu akasema polepole, "Marehemu," akaandika.

Tangu ulipofariki nilikuwa na kazi: sanda, mchele, shehe, karani. Sikuwa nimelia. Nililia pale, mbele ya wanaume wote wale, kwa sababu uliitwa na hukuitika.

Mama ameandikwa. Wakamweleza kwamba kila kamisheni ikija ni lazima aje mwenyewe aonyeshe kuwa yu hai, na akiolewa tena ni lazima aseme, pensheni inakoma. Shangazi akajibu, "Haolewi!" Mama akamwambia, "Wifi, acha nijibu mwenyewe." Mpaka leo hajajibu, na Shangazi halali vizuri.

Kwa heri, Baba. Mungu akupe kivuli na maji baridi. Nakuahidi mama hatakosa mbele ya kamisheni hata mvua ikinyesha mawe, nitampeleka mimi. Feruzi pia nitampeleka, hata kama ni kumbeba kwenye baiskeli, maana sasa hana wa kumjibia. Na mtu akiniuliza habari zako, sitasema tena kwamba umesafiri, kama nilivyokuwa ninawaambia wateja sokoni. Nitasema baba yangu alikufa. Ninaweza kulisema sasa.

Binti yako,
Riziki