Sanduku la Baba Limerudi

Lodi, 3 Novemba 1921

Kaka yangu Learco,

Huku ukungu umetanda wiki nzima, na paka wako bado yu hai. Hujaniandikia tangu Pasaka.

Sanduku la karatasi za opera aliyoitunga marehemu Baba limerudi kutoka Milano. Wachapishaji wanasema hadithi hiyo hiyo ilishatungiwa opera na yule mtunzi mkubwa, na watu wanaitaka ya kwake tu. Basi jana nikaamua kuwashia jiko karatasi zile.

Nikiwa na kiberiti mkononi, nikamsikia Zaira, mfuaji wetu wa nguo, akiimba uani ule wimbo wa mjane wa opera hiyo, ambao Baba alitufundisha. Nikamwuliza ni wa nani.

“We dada nawe, kwani una mwenyewe? Ni wetu sisi wafuaji. Mama kanifundisha mtoni.”

Nikamwomba aurudie, maana anaimba beti tatu, na Baba aliandika mbili tu.

Ubeti wa tatu nimeunakili chini ya mwandiko wa Baba. Jiko nimeliwasha kwa barua ya wachapishaji.

Ninakutumia maneno ya ubeti huo. Ukiimba huko Buenos Aires, kumbuka kiitikio kinataka watu wawili, nami hapa niko peke yangu.

Dada yako,
Ersilia