Hedifoni za Safari ya Koboko

Aroi, Jumatano

Lumaya, ndugu yangu,

Nimechukizwa, na kwa kuwa wewe ndiye uliyezoea kunisikiliza nikiwa hivi, nakuandikia wewe. Ulipokuwa hai, nilipoanza kulalamika pale kibandani kwako Arua, uliendelea kuchomelea waya za redio za watu ukisubiri nimalize. Basi subiri tena.

Nikupe habari kwanza. Kibanda chako sasa kina mtu anayeuza vifuniko vya simu. Meza yako ameigeuza kiti cha wateja, na ile alama ya pasi ya kuchomelea uliyoiacha juu ya ubao wanaikalia bila kujua ni nini. Mimi bado nakwenda Koboko kila Jumatatu na Alhamisi kuwafundisha Kiswahili wale wafanyabiashara wa mpakani, ambao wananiambia kwamba wanakijua tayari. Jumamosi hii watu watakusanyika kwenu Abuku kuondoa matanga yako. Binti yako Poni ndiye anayeongoza mambo yote, na anaongoza vizuri.

Poni alinipa kile kimashine chako cha muziki, kile kidogo chenye kioo kilichopasuka, ulichokuwa ukirekodia mazoezi ya kikundi chenu cha adungu, vile vinubi vyenu vya kamba. Aliniomba jambo moja tu. Alisema, "Baba Mwalimu, tafuta humo wimbo mmoja ambao baba anaimba au anasema kitu. Watu wamsikie yeye kwanza, ndiyo DJ aanze kelele zake." Nilimwahidi. Nilijiona ndiye mtu anayefaa kabisa kwa kazi hiyo.

Kimashine hakina spika, kwa hiyo kinahitaji hedifoni. Ningeweza kukiunganisha na redio ya mtu, lakini sikutaka wengine wakusikilize kabla yangu. Nyumbani kwangu wajukuu hawanyamazi. Mahali pekee ambapo hakuna anayeniita ni ndani ya teksi kati ya Arua na Koboko, na humo dereva hufungulia redio kama anayewauzia muziki watu wa Kongo ng'ambo ya mpaka. Ndipo nikaamua kununua hedifoni za kutia ndani ya sikio, zile zenye vijipira. Naona unacheka: mimi nikueleze wewe fundi namna zinavyofanya kazi. Nitakueleza tu. Kile kijipira kikiziba sikio sawasawa, kelele za nje hupungua, na huhitaji kuongeza sauti mpaka uumie. Kikilegea, sauti nzito zinavuja na kubaki kitu kama nzi ndani ya kopo.

Hedifoni za kwanza nilizinunua sokoni Koboko, kwa mama mmoja Mkongomani anayezipanga juu ya turubai, nyingi, zimesokotana. Lumaya, hapo ndipo chukizo langu lilipoanza. Kila mteja hujaribu. Anachukua, anatia sikioni, anacheza kidogo, anatoa, anarudisha. Anayefuata anatia zile zile. Nilizishika nikaona vijipira vina rangi ya asali, na kimoja kilikuwa na unywele. Nilipomwonyesha, yule mama alikitemea mate kidogo, akafuta kwa kitenge chake, akanipa tena.

"Papa Mwalimu, tia mu sikio. Haiko muchafu."

"Mama, hii ni nta ya watu."

"Ndiyo, ni nta ya batu. Batu bazuri tu ndio banakuja kwangu."

Wanawake wa jirani walicheka mpaka mmoja akaweka chini nyanya zake. Nami, mwalimu mzima, kwa kuona haya ya kuchekwa nikatia. Tena nikajaribu kwa simu yake, kwa muziki wake wa ngoma nzito unaotikisa meno, nikasema zina sauti nzuri. Hilo ndilo kosa la kijinga kuliko yote. Mtu anayechagua hedifoni ajaribu kwa muziki wake mwenyewe, ule anaoujua. Hedifoni zilizotengenezwa kwa ajili ya ngoma humeza kamba za adungu. Nilipofika ndani ya teksi na kufungulia kikundi chenu, niliisikia ile adungu kubwa ya besi tu, na nyingine zote zilikuwa kama zinapigwa ndani ya gunia la mihogo.

Baada ya siku chache sikio likaanza kuwasha, kisha likatoa maji yenye harufu ambayo sitakueleza. Na ni lile la kulia. Wewe unajua maana yake, kwa sababu ni wewe peke yako unayejua kwamba la kushoto lilikufa nikiwa mtoto, nilipougua homa. Tulipotembea ulikaa upande wangu wa kulia kila mara, wala hukuwahi kunitajia sababu. Nesi aliyenisafisha alitazama ndani, akatazama pamba yake, akaniuliza, "Mzee, mmeanza kuazimana masikio?" Hedifoni zile nilizitumbukiza chooni.

Za pili nilizinunua Arua, kwenye duka lenye kabati la kioo, zikiwa ndani ya pakiti iliyofungwa. Safari hii nilifanya kwa akili. Nilichagua za waya, maana kimashine chako hakijui mambo ya bila waya. Zilikuja na vijipira vya ukubwa wa aina tatu. Nikajaribu vyote nyumbani, nikivuta sikio juu kidogo wakati wa kutia, kama nesi alivyonielekeza, mpaka nikapata kinachoziba bila kubana. Nikatazama herufi zilizochapwa, L ni kushoto, R ni kulia, nikavaa kila moja mahali pake. Adungu ilisikika safi, kila kamba. Nilifurahi. Nikasikiliza rekodi zako zote kwa wiki tatu, kwenda na kurudi.

Wewe hukuwamo.

Niliwasikia wote. Yule mama mwenye sauti ya juu, wale wapigaji, hata kuku waliopita. Mahali ambapo sauti yako ilipaswa kuingia palikuwa na kitu cha mbali, kama mtu anayeimba nyumba ya pili, nikadhani ni mwangwi wa ukuta. Nikakukasirikia. Nikasema, huyu mtu alikuwa fundi mpaka akajisahau. Aliwarekodi watu wote, akamwacha binti yake bila neno moja.

Jumatatu nilimkuta Poni uani kwenu Abuku akimenya mihogo. Nikamwambia kwa ile sauti yangu ya darasani kwamba nimesikiliza zote, kwa makini, na baba yake hayumo. Sikusema "sikumpata". Nilisema hayumo. Kisu kilisimama kidogo. Kisha akasema, "Basi, Baba Mwalimu. Tuache DJ apige tu." Akaendelea kumenya. Hakulia, na mimi nikajisifu moyoni kwamba nimempa ukweli kwa upole.

Jioni hiyo hiyo nikirudi, tulipokuwa tunapita Maracha, upande wa kulia wa hedifoni ukakwaruza na kufa. Zilikuwa mpya, za kwenye kabati la kioo. Nilitukana kimoyomoyo watu wanaotengeneza takataka na kuzitia ndani ya pakiti zinazong'aa. Kisha, kwa hasira tu, nikachukua ule upande wa kushoto uliobaki mzima nikausukuma ndani ya sikio la kulia, nijue kama nao umekufa.

Ni wewe, ulikuwa unakohoa.

Ulikohoa, ukahesabu moja, mbili, tatu kwa Kikakwa, halafu ukamwambia mtu, "Wewe iko navuta kamba kama mutu anavuta ndoo kisimani. Pole pole. Hii adungu haikukosea kitu." Watu wakacheka kwa mbali. Kisha ukaimba, Lumaya, ile sauti yako ya chini inayochelewa kidogo kufika mahali pake. Nilitoa sauti fulani, sijui ipi, kwa sababu mama aliyekaa karibu nami aliniuliza kama nimepigiwa simu ya msiba. Nikamwambia hapana.

Nimeelewa sasa ulivyofanya. Uliweka maikrofoni mbili, moja kwa kikundi na moja kwako, kikundi kikaingia upande wa kulia wa rekodi na wewe upande wa kushoto, ili ukirudi kibandani uyasikie makosa yako peke yake bila kuyachanganya na ya wengine. Ni akili nzuri ya fundi. Mtu mwenye masikio mawili angekusikia tangu siku ya kwanza. Mtoto yeyote angekusikia. Mimi kwa wiki tatu nilikuwa nakutia ndani ya sikio lililokufa, kwa kutii herufi.

Chukizo la nta na mate limekwisha. Lililobaki ni langu mwenyewe, na halitoki kwa sabuni. Maisha yangu yote ya kazi nilipanga madarasa ili wanafunzi wenye maswali wakae upande wangu wa kulia. Wa upande wa kushoto waliponyoosha mkono na kusema bila kungoja, niliwaita wakorofi. Wengine niliwaadhibu. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba siwasikii, na wewe ukanilinda kwa kuhama upande, miaka yote hiyo, mpaka nami nikaamini kwamba nasikia.

Tangu Jumatatu simu iko mkononi na sijampigia Poni. Jana nilitunga la kumwambia: kwamba kulikuwa na rekodi iliyojificha, kwamba kimashine kilikuwa na kasoro nami nikakitengeneza. Angeniamini. Angenishukuru pia, na hapo ndipo nilipochukizwa nalo nikaliacha, nilipojiona nimekaa Abuku mbele ya watu wakinishukuru kwa kumrudisha mtu ambaye mimi ndiye niliyesema hayumo.

Kwa hiyo kesho nitapanda teksi ya kwanza, na kabla ya darasa nitakwenda kwake. Nitamwambia, "Poni, mimi ni kiziwi wa sikio la kushoto. Baba yako alikuwamo wakati wote. Mimi ndiye sikumsikia, na nilikudanganya bila kujua." Akiuliza kwa nini sikusema mapema, nitamjibu hilo pia. Sitamweleza habari za maikrofoni mpaka aulize. Kisha nitampa upande huu mmoja unaofanya kazi, ukiwa umesafishwa kwa spiriti, nami nitatoka nje. Akusikilize peke yake kwanza. Ilikuwa haki yake tangu mwanzo, nami niliichukua. Akitaka kunifukuza, nitakwenda darasani. Akitaka wimbo upigwe Jumamosi, nitamtafuta fundi wa kuzichanganya pande mbili, ili Abuku nzima ikusikie ukiwa pamoja na watu wako, na mimi nitakaa nyuma.

Pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi hili moja: kuanzia kesho, mtu akinisemesha kutoka kushoto, nitamwambia, "Sisikii huku. Zunguka."

Wako,
Mwalimu