Ukanda wa Watachoka

Nandagala, Ruangwa
8 Septemba 2025

Kwako dada Kulthumu,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, ila macho ya Amna yalimsumbua tulipopuliza salfa kwenye mikorosho. Vipi mgongo wako?

Simu zangu hupokei, umesema nikitaka neno niandike, maana maneno ya simu mtu huyakana kesho. Haya, barua ataileta Selestini kwa gari lake.

Mbwa uliyeniazima, Watachoka, kazi anaifanya. Nguruwe hawajagusa tena muhogo. Juzi halmashauri ilituita na mbwa wetu uwanja wa shule kwa chanjo ya kichaa. Kila mbwa kapewa kadi na ukanda mwekundu wa shingoni. Bwana mifugo kasema mchana mbwa afungwe nyumbani, na atakayekutwa anazurura bila ukanda ni risasi. Watachoka alichomwa sindano kichwa kikiwa mapajani kwa Amna, wala hakubweka. Wamependana hao!

Mdogo wako,
Imrani

Mkotokuyana, Nachingwea
15 Septemba 2025

Mdogo wangu Imrani,

Waalaykum salaam. Mgongo unauma, ahsante kwa kuukumbuka baada ya miezi minne.

Ukandani limeandikwa jina la nani? Selestini hajui uongo. Nimembana, kasema ni IMRANI, kwa kalamu ya wino mzito. Yaani mbwa niliyemnywesha uji tangu hajafumbua macho, leo ana baba Nandagala na mama wa kumlaza mapajani?

Unajua kwa nini anaitwa hivyo. Shemeji yako alipokwenda Ruangwa kutafuta madini akaoa hukohuko, majirani walinisema mpaka kisimani. Nikapata mtoto wa mbwa, nikampa jina la kuwajibu. Kila jioni nikimwita kula, wanasikia wenyewe: Watachoka! Tangu hapo nyumba hii ina mimi na yeye tu.

Ruangwa imeshanichukulia mume. Mbwa, hapana. Naona wivu, ndiyo, sifichi. Mrudishe wiki hii. Na Amna mwambie mapaja yake amwekee mumewe.

Dada yako,
Kulthumu

Nandagala
21 Septemba 2025

Dada, shikamoo.

Tu wazima, ila Amna amelia. Nilimsomea barua kabla sijaifikisha mwisho mwenyewe, kosa langu.

Jina langu liliandikwa kwa sababu mimi ndiye niliyepanga foleni. Hakuna jingine. Selestini anakuletea Watachoka na kadi yake. Nakuomba, ukanda usimvue, hata kama jina langu linakukera. Nasikia huko kwenu nako wametangaza msako. Mfunge mchana, mpe maji. Atakuzoea tena.

Mdogo wako,
Imrani

Nandagala
9 Oktoba 2025

Dada, shikamoo.

Hujambo? Mgongo? Selestini anasema alikukabidhi mbwa mkononi, nawe hukumjibu hata salamu.

Nguruwe wamerudi shambani, hilo lisikutie shaka. Nataka kujua tu kama anakula. Na kama tatizo ni jina, peleka kadi kwa bwana mifugo wenu, atalibadili. Nimeuliza, ni jambo la dakika tano.

Imrani, mdogo wako

Mkotokuyana
20 Oktoba 2025

Mdogo wangu Imrani,

Marahaba. Mgongo mzima. Mimi ndiye nisiye mzima.

"Atakuzoea tena," uliniandikia. Neno hilo lilinichoma kuliko jina la ukandani. Alipofika hakula siku mbili, alilala kibarazani akitazama barabara alikopotelea Selestini. Nikachukua kisu, nikaukata ukanda, nikauweka na kadi chini ya mtungi. Sikumfunga. Nilijiambia, kama ni wangu atabaki.

Siku ya tatu Mwamini, jirani yangu, alikuja mbio: watu wa halmashauri wamemkamata Watachoka kwenye bucha. Nikaenda. Alikuwa kwenye kitanzi cha waya na wenzake wanne. Bwana mifugo, kijana mpole tu, akaniuliza, "Mama, huyu wako? Kama wako, lete kadi umchukue." Nikasema, "Mwenyewe yuko Ruangwa." Akaniuliza tena. Nikajibu vilevile, Imrani, mbele ya watu wote, nikaondoka kifua mbele.

Nilifika mlangoni nikaona bakuli lake. Alikuwa amekula asubuhi ile, amelilamba lote, nami kwa hasira sikuwa nimeangalia. Nikauvuta mtungi, maji yakamwagika, nikarudi na kadi na ukanda nikikimbia kama kichaa. Mlio wa risasi niliusikia nikiwa bado kwenye mikorosho ya Mwamini.

Ukanda nimeufunga ndani ya barua hii, mpe Amna. Umwambie anisamehe. Majirani hawasemi kitu, na jioni sina wa kumwita.

Sikukwambia jambo moja. Niliposema si wangu, alikuwa akitikisa mkia. Hakutazama njia ya Ruangwa hata mara moja. Alikuwa ananitazama mimi.

Dada yako,
Kulthumu