Meli Inayozima Injini

Kwa Baba yangu, Mzee Saidi, mrina asali wa Ng'ambo, Tabora.

Shikamoo Baba. Najua umeshaitika marahaba kabla Dada Mwamini hajamaliza kulisoma neno lenyewe, na sasa unamwuliza kwa nini karatasi ni nyingi hivyo. Mwambie avute kiti, aanze taratibu, wala asiruke mahali. Dada, nakujua, usiruke.

Mimi ni mzima. Mguu uliokuwa ukinisumbua kwa baridi umetulia, maana hata huku Kanada wanapewa miezi michache ya jua, na wanaishukuru kama sisi tunavyoishukuru mvua. Kazi ni ile ile ya kumtunza Bi Ruth. Yeye ananitunza pia, ila yeye halipwi.

Habari zenu nazipata. Nimesikia joto la Tabora limekaza, mizinga ya upande wa Urambo imeingia nyuki vizuri, na mtani wako Mzaramo muuza kahawa bado anatangaza kwamba Wanyamwezi walipewa vichwa kwa ajili ya mizigo tu. Habari moja lakini sikuipata kwako, nimeipata kwa Dada. Kwamba jicho la kulia limefunga ukungu kabisa. Kwamba ni mtoto wa jicho, kwamba madaktari wa macho wanarudi hospitali mwezi ujao, na kwamba umesema hutakwenda kwa sababu nyuki husikilizwa, hawatazamwi.

Sitabishana nawe kwa barua. Sijawahi kukushinda hata nikiwa nimekaa mbele yako. Nataka tu nikusimulie jinsi nilivyochagua meli.

Bi Ruth, kama nilivyowahi kukuandikia, alikuwa tarishi. Miaka thelathini ametembea na mfuko wa barua begani, nyumba kwa nyumba, mvua na theluji. Nilipomwambia kwamba huko kwetu watu wa namna yake waliitwa wapagazi, na kwamba babu yako alibeba pembe kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, aliniuliza babu alisemaje alipoiona bahari. Nikamwambia ukweli unaosimuliwa nyumbani: alirudi akasema ni maji tu, mengi, na hayanyweki. Bi Ruth alicheka mpaka akatafuta leso.

Macho yake ndiyo yanayokwisha. Si kama lako. Yake hayana dawa. Katikati pamezibwa, pembeni ndiko kumebaki, kwa hiyo akitaka kukuona uso hukutazama sikio. Daktari alimwambia kiangazi hiki, labda na kijacho, halafu basi. Tulirudi nyumbani. Alipovua koti akasema, "Tatu, nataka kwenda kuona barafu."

"Ipo kwenye friji, Bi Ruth."

"Ile inayotembea."

Basi ndipo aliponieleza. Miaka yote ile alikuwa akipeleka kadi za picha ambazo watu huwatumia wenzao wakiwa safarini, na nyingi zilikuwa za mito ya barafu ya Alaska. Alizisoma zote.

"Ulisoma barua za watu?"

"Kadi haina bahasha, Tatu. Kitu kisicho na bahasha kinataka kusomwa."

Alikuwa hajawahi kupanda meli ya matembezi maishani mwake, na nafasi aliyonayo ni moja. Tukikosea meli, hatutapata kiangazi kingine cha kusahihisha. Na kwa kuwa haoni maandishi madogo, akasema mimi ndiye nitakayechagua. Mimi, Baba, ambaye Kiingereza changu nimejifunza kwenye maboksi ya dawa.

Nilileta vipeperushi, nikavitandaza mezani. Meli ya kwanza ilikuwa ghorofa kumi na kadhaa, inabeba watu kama soko siku ya gulio. Ina maduka, ina ukumbi wa muziki, ina mabwawa ya kuogelea. Hilo la mabwawa lilinipa shida kulimeza. Watu wako juu ya maji yasiyo na mwisho, halafu wanachotewa dimbwi. Bi Ruth akaniuliza, "Barafu iko ukurasa gani?" Nikatafuta. Ilikuwa ukurasa wa mwisho, nyuma ya mwanamke aliyeshika glasi. Meli ya pili ilikuwa ya kati, ya watu wa heshima, inataka gauni refu wakati wa chakula. Ya tatu ilikuwa ndogo, haifiki watu themanini. Picha zake hazikupendeza. Watu wote walikuwa wamevaa makoti ya mvua na wamempa mpiga picha mgongo.

Nikakaa nikifikiri, na hapo ndipo nilipokukumbuka. Ulipokuwa ukichagua mtu wa kwenda naye kambi ya asali, hukumwuliza nguvu zake wala shoka lake. Ulimwuliza mambo matatu: nani atakuwa anaongea, tutalala karibu na maji gani, na siku ya mvua tutafanya nini. Wengi walishindwa swali la kwanza kwa kulijibu kirefu.

Nikapiga simu meli kubwa. Akapokea msichana mwenye sauti ya sharubati. Nikamsalimu, nikamwuliza hali ya nyumbani kwao na kazi, naye akawa kama mtu anayetafuta karatasi yenye jibu hilo. Nikamwuliza siku ya mvua wanafanya nini. Akafurahi sana. Kuna michezo, kuna muziki, kuna maduka, mtu anaweza kumaliza safari nzima asilowe. Nani anaongea? Kuna vipaza sauti kila chumba. Barafu mnaifikia karibu kiasi gani?

"Tunapita hapo, madam."

"Mnasimama?"

"Tunapita."

Meli ya kati walinijibu vivyo hivyo, ila kwa upole zaidi. Meli ndogo alipokea mzee mmoja anayekohoa. Siku ya mvua? "Mvua ni kila siku, mama. Tunavaa koti." Usiku mnalala wapi? Kwenye hori nyembamba, bahari inapopenya kati ya milima, ambako meli kubwa haziingii. Nani anaongea? Kuna mwongozaji mmoja, na si sana. Na mkifika kwenye barafu?

"Tunazima injini."

Nikaziba simu kwa kiganja, nikamwambia Bi Ruth, "Wanazima injini."

"Andika jina langu," akasema. Halafu akakumbuka magoti yake. "Uliza kama kuna ngazi."

Kulikuwa na ngazi, vidato kumi na vinne, na lifti hakuna. Hapo nilitaka kurudi nyuma. Yeye akainuka, akaenda kwenye ngazi ya nyumba yake, akaanza kupanda. Kila asubuhi, wiki mbili nzima, anapanda na kushuka, mimi nyuma yake nimenyoosha mikono kama mtu anayesubiri papai. Tarishi ni tarishi, Baba.

Tukaenda. Sitakuchosha na habari za kuondoka. Nikuambie tu nilivyoona. Kuna mnyama wao wa baharini, ni wa ukoo wa fisi maji, analala chali juu ya maji baridi yale, mtoto wake amemweka kifuani, anamchana manyoya kama mama wa mtaa wa Mtendeni siku ya Ijumaa. Kuna tai wenye vichwa vyeupe, wamekaa juu ya miti, wote wamenuna. Kuna dubu tuliyemwona ufukweni akipindua mawe kutafuta chakula, na kila jiwe alilirudisha chini taratibu. Nikasema moyoni, huyu ungemchukua kambini.

Sasa sikiliza kosa langu.

Siku ya tatu, asubuhi, manyunyu. Watu wote walikuwa sitahani upande wa kushoto, mwongozaji anawaonyesha tai. Ni msichana mwenye msuko mmoja mrefu. Mimi na Bi Ruth tulikuwa tumejibanza upande wa kulia, mbali na upepo. Nikaona maji yamevimba, ukatoka mgongo mweusi, hauishi, bado unatoka tu. Na mimi, Baba, nikafanya ulivyonifundisha. Huna mtoto wa kiume, ukanichukua mimi msituni, shangazi akasema unaniharibu, na jambo la kwanza kunifundisha lilikuwa hili: aliyeona kwanza hasemi. Anamgusa mwenziwe. Bega la kulia, tazama kulia. Bega la kushoto, tazama kushoto. Mara moja, kiko mbali, una muda. Mara mbili, kiko karibu, usichelewe.

Nilikuwa nimeshamfundisha Bi Ruth tangu siku ya kwanza, kwa kupitisha muda. Nikamgusa bega la kulia, mara mbili.

Akageuka, akatazama pembeni kidogo ya yule mnyama, anavyotazama sikio la mtu, na nikajua kwa namna alivyoshika chuma cha ukingo kwamba amemwona. Nyangumi akaja kando ya meli kabisa. Akapumua. Pumzi yake inanuka kama gunia la dagaa wa Kigoma lililosahaulika kwenye behewa. Akainua mkia, mpana kama paa la banda, maji yanachuruzika pande zote mbili, akazama bila hata kutikisa meli.

Yule mwongozaji akatuona. "Mnatazama nini huko?"

"Nyangumi," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Ameondoka."

Meli yote ikageuka. Bwana mmoja mwenye kofia nyekundu na kamera ndefu kama mchi akanijia. Hii ilikuwa safari yake ya tatu na hajawahi kumwona wa karibu.

"Kwa nini hukusema?"

"Nimekatazwa kusema."

"Na nani?"

"Baba yangu."

"Yuko wapi huyo baba yako?"

"Tabora."

Akaangaza macho mpaka nyuma ya meli, kana kwamba Tabora ni yule aliyevaa koti la kijani.

Mchana ule hakuna aliyekaa meza yetu. Jioni mwongozaji akatangaza: atakayeona mnyama apige kelele, isipokuwa Tatu; huyo mtazameni mkono. Basi kesho yake nikawa na watu nyuma yangu kama mwenye pipi. Na uchunguzi wangu ni huu: walipoanza kutazama mkono wangu walinyamaza, na waliponyamaza wanyama waliongezeka. Mpaka siku ya tano watu wazima wenye mvi walikuwa wanagusana mabega bila neno. Yule wa kofia nyekundu aliguswa bega la kushoto mara mbili na mkewe, akapata nyangumi wake, akasahau kupiga picha. Alikuja mwenyewe kuniambia nikupe salamu. Umezipokea.

Kisha barafu. Tuliingia hori ndefu, maji yamejaa vipande vyeupe, sili, wale wanyama wanene wa bahari, wamelala juu yavyo kama wateja wa kinyozi. Mbele, ukuta. Mto, Baba, mto mzima umeshuka kutoka mlimani ukagandia hapo hapo unapotembea. Usifikirie nyeupe. Ni bluu, ile bluu ya kufulia kabla hujaikoroga. Nilijiona nimekuwa mdogo kiasi cha kutia mfukoni. Injini ikazimwa. Tukasikia inavyolia ndani, inapasuka kama kuni mbichi motoni, halafu kipande kikubwa kama jumba kikakatika. Kilianguka kwanza, mlio ukafuata, kama radi ya kwanza ya Novemba. Nimekaa nchi hii miaka sita, na hapo ndipo nilipoisamehe baridi yake.

Bi Ruth alikuwa anageuza kichwa taratibu, kushoto, kulia, anaikusanya kutoka pembeni. Baada ya muda mrefu akasema, "Kadi zote zile waliandika ni nzuri. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba inanguruma."

Nikamfunika blanketi. Akaniuliza baba yangu angesemaje angekuwepo. Nikasema angenyamaza.

"Macho yake mazima?"

"La kulia lina mtoto wa jicho."

"Hilo si wanalitibu? La jirani yangu walilitibu asubuhi moja tu. Walipomfungua akaja kunilalamikia vumbi la nyumba yake, kumbe lilikuwepo miaka."

"Hata huko wanalitibu. Yeye hataki."

"Anaogopa?"

"Baba hajawahi kuogopa. Amepanda mtini kwenye mzinga huku nyegere anamsubiri chini."

"Basi anaogopa," akasema, na wala hakulisema kwa dharau. Alilisema kama mtu anayetaja jina la mtaa anaoujua.

Akavua darubini yake shingoni. Ya zamani, nzito, ngozi ya mkanda imekwisha. "Hii inataka macho mawili," akasema, "na mimi sina hata moja la maana. Mpelekee. Lakini aipokee akiwa na mawili."

Darubini imeshafika, Baba. Anayo Dada. Usiitafute chini ya kitanda, nimemwambia aihamishe. Utapewa siku ile bandeji itakapofunguliwa. Babu yako alirudi akasema bahari ni maji tu. Siku nikija, nataka anayenisubiri kituoni anione mimi, asisubiri kuambiwa.

Nisalimie shangazi wa Mtendeni, mwambie sijaharibika sana. Nisalimie fundi baiskeli jirani yetu aliyebeba barua zangu toka posta, na mke wake anayetuuzia maandazi. Mtani wako muuza kahawa mwambie kichwa cha Mnyamwezi kimefika Alaska bila mzigo wowote, nacho kimerudi kimejaa. Nawe Dada Mwamini, ahsante kwa kusoma mpaka hapa bila kuruka.

Sasa Dada, weka karatasi chini. Inuka, mguse Baba bega la kulia. Mara mbili.

Ni mimi huyo, Baba.

Mwanao,
Tatu