Bangili za Opali Zilizopasuka Harusini

Pongwe, Tanga

Kwako mke wangu, Mama Yustina,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe na watoto. Mama yangu mfikishie shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma. Mgongo wake umepoa? Na Deo, kile kikohozi kimemwacha? Mimi huku nipo, napumua, nakula nikipewa. Siwezi kukuambia kwamba mimi ni mzima, ningekuwa nakudanganya.

Umekwisha kuona kwamba mwandiko huu si wangu. Anayeandika ni Mzee Paulo, katekista wa kigango chetu, yule aliyembatiza Yustina alipozidiwa na surua. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwomba asilainishe neno. Macho yangu yamekufa, Mama Yustina. La kulia halioni kitu. La kushoto linajua dirisha liko wapi, basi.

Nitakueleza tangu mwanzo, kwa sababu barua zangu za mwaka jana zilikuficha mengi.

Shamba la mkonge lilipotupunguza kazini, nawe ukapanda treni na watoto kurudi Kasulu, nilikuambia nabaki kutafuta kazi ya spana mjini. Kazi ya spana haikuwepo. Kila karakana niliyoingia ilikuwa na mafundi wengi kuliko magari. Maduka uliyoyaacha matupu, yale tuliyokuwa tukiyapangia foleni tangu alfajiri kwa mche mmoja wa sabuni, sasa yamejaa sabuni za kila rangi, na watu wanasimama nje wakiziangalia.

Nikiwa nimepanga chumba Nguvumali, niliitwa kwenda kutengeneza pampu ya maji kwa mama mmoja Mhindi, Mwislamu, mjane wa sonara. Anaitwa Mama Shirin, kwa jina la binti yake wa pekee. Biashara ya mawe ilipofunguliwa, marehemu mumewe alikuwa akinunua opali kwa wachimbaji waliotoka bara, akafariki kabla hajazifanyia lolote. Mjane aliamua kuzigeuza bangili mwenyewe, lakini mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nilipomaliza pampu aliniuliza, "Fundi, unaweza kutoboa kitu kidogo kuliko punje ya mahindi bila kukivunja?" Nikamwambia sijui, nipe nijaribu. Nilivunja saba. La nane likakubali.

Opali ni jiwe jeupe kama maziwa yaliyozidiwa maji, ila ukiligeuza kwenye mwanga unaona ndani yake kijani na wekundu vinahama. Nilikuwa nalikata, nalipiga msasa mpaka liwe duara, kisha nalilaza kwenye bakuli la maji na kulitoboa kwa keekee ya uta, ile inayozungushwa kwa kamba, upande mmoja mpaka kati, halafu upande wa pili, polepole, maana likipata joto linapasuka. Mwisho nazitunga shanga hizo kwenye uzi, na baina ya ushanga na ushanga napiga fundo ili zisisuguane. Bangili moja ilinichukua siku nne.

Wenzangu wa zamani wa kambi ya mkonge walinikuta kazini siku moja wakacheka. "Fundi wa kinu anatunga shanga kama mwali." Niliwaacha wacheke. Miaka yote ile kwenye kinu cha mkonge nilikuwa natengeneza kitu ili kesho kiharibike tena. Hapa kitu kikitoka mkononi mwangu kilikuwa kimekamilika. Sikuwahi kukuambia nilivyoipenda kazi ile.

Basi Shirin akachumbiwa. Mama yake akataka bibi harusi avae bangili ya opali, na shangazi zake bwana harusi, wanaotoka Mombasa, wavae kila mmoja ya kwake. Shangazi hao wana duka kubwa la vito. Mama Shirin akaniambia, "Wakizipenda, watachukua kila utakayotengeneza. Nitakupa vile vyumba viwili vya uani, umlete mkeo na watoto." Ndiyo maana miezi ile sikukuandikia. Nilitaka barua yangu itakayofuata iwe ya kukuambia njooni.

Mawe ya marehemu hayakutosha. Ili bangili zote zifanane, tukanunua mengine mapya kwa zote, yamechimbwa karibuni, bado yana unyevu wa ardhini. Mama Shirin alisema mumewe alikuwa akiyaacha mawe mapya miezi mingi yakauke taratibu ndipo ayaguse, kwa sababu mengine hupasuka yenyewe. Aliniuliza mara mbili, "Haya yametulia?" Mara zote mbili nikamjibu yametulia. Mama Yustina, sikuwa na hakika. Yaling'aa ndani ya bakuli kuliko yote niliyowahi kuyaona, na mimi nilikuwa nimekwisha kupanga kitanda cha watoto kikae upande gani wa chumba.

Siku ya harusi nilikuwa uani na wapishi wa biriani. Mchana, sherehe iliponoga, msichana mmoja akaja kuniita. Nikamkuta Mama Shirin ukumbini katikati ya wanawake, ameshika mkono wa binti yake. Shanga zilikuwa zimeingia nyufa nyeupe, moto wake wote umezimika, mbili zimekatika katikati na vipande vimeangukia kwenye nguo ya bibi harusi. Za shangazi nazo zilikuwa hivyo hivyo. Mmoja wao alivua ya kwake akaiweka juu ya sinia la mabaki ya chakula. Akasema, "Mmetuvisha vigae." Shirin alikuwa analia taratibu ili asiharibu wanja.

Mama Shirin alinitoa nje hadi barazani.

"Uliniambia yametulia."

"Nilikuambia, mama."

"Ulijua hayajatulia?"

"Nilikuwa naomba Mungu yawe yametulia."

Hakunifokea. Alikaa kwenye ngazi akafunika uso kwa mtandio. Angenifokea ningepata nafuu.

Zilikuwa zimebaki opali za zamani za marehemu, chache, zinazotosha bangili moja. Nikamwomba aniachie nizitunge, Shirin aondoke na kitu kizima kabla hajasafiri kwenda kwa mumewe. Akakubali kwa kichwa tu. Siku ya pili nikaanza kukata kwa haraka, na ile miwani ya kukinga macho niliyotoka nayo kinuni niliivua, kwa sababu ilikuwa imechubuka na inanichelewesha. Kipande kikaruka kikaniingia jicho la kulia. Nikakitoa kwa ncha ya kitambaa, nikanawa, nikaendelea kukata. Nikaendelea siku tatu, Mama Yustina. Jicho lilipofura hata likafunga ndipo nikaenda hospitali.

Mama Shirin mwenyewe alinipeleka kila asubuhi, mimi niliyemwaibisha mbele ya wakwe. Alinishika mkono kwenye ngazi na kunipikia uji. Walisafisha, wakatia dawa. Baada ya wiki kadhaa jicho la kushoto nalo likaanza kuona ukungu. Daktari alinieleza kwamba jicho lililoumia wakati mwingine humvuta mwenzake, na kwamba ningekuja siku ile ile huenda ingekuwa vingine. Alisema kwa upole. Nimelirudia neno lile mara nyingi kuliko sala yoyote.

Shirin alikuja kuniaga. Bangili yake ilikuwa haijafika nusu. Nikamwambia anisamehe. Akasema, "Nipe hizo zilizokwisha, baba." Nilizimimina kwenye kiganja chake, nikasikia anazifunga kwenye leso. Mwezi uliofuata mama yake naye alihamia Mombasa kwa binti yake, na nyumba ikapata wenyewe wengine. Mzee Paulo akanichukua hapa Pongwe, nalala kwenye chumba chake cha nyuma. Nimejaribu kutunga shanga za kawaida kwa kupapasa. Uzi naupata. Tundu silipati.

Sasa nijibu uliyoniuliza. Kaka yako anataka kujua kama nitarudi kulima shamba la bondeni au ampe mtu mwingine. Mwambie ampe mtu mwingine. Tena umshukuru, alinisubiri vya kutosha.

Mzee Paulo ananiambia kila siku nirudi nyumbani, atanifikisha mwenyewe. Nimekataa mpaka nisikie kwako. Deo hanijui. Nilimwacha hajaanza kutambaa. Sitaki amuone baba yake kwa mara ya kwanza akiongozwa kwa fimbo kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Nawe uliolewa na mtu wa kukusaidia, na sasa ninakuletea mtu wa kulishwa. Una mama yangu mgongoni, una watoto wawili, una jembe moja.

Wasalimie wote. Mama yangu usimsomee barua hii, mwambie tu nilijikata kidogo na napona. Kaka yako mpe mkono wangu. Dada yangu mkubwa, aliyewapokea mlipofika na mabegi yenu, mwambie sijausahau wema wake. Yustina mwambie asome kwa bidii, na akikuuliza ninarudi lini, mwambie kweli kwamba hujui.

Mke wangu, ukisema nije, nitakuja. Lakini usiniite kwa huruma. Kaa na jambo hili peke yako, bila ya padri wala ndugu, ulipime. Ukiona ni zito, usihangaike kutafuta maneno mazuri. Nitasubiri mpaka mvua za vuli zipite. Zikipita bila barua nitajua kwamba umejibu, na sitakulaumu, wala sitamwomba Mzee Paulo akuandikie tena.

Mumeo,
Anzibert, Baba Yustina