Nyanya Zilizotawadhishwa

Muyinga, Ijumaa

Dada yangu Zaituni wa huko Gitega, salamu zikukute na afya.

Huku tuko wazima, na mi nimekuwa mkulima! Nimepanda nyanya ndogo nyuma ya nyumba, zile za kutupia mdomoni moja moja. Za kwanza zilipasuka, na ladha yake ilikuwa maji matupu. Jirani yangu Donatienne, Mkongomani, akaja kuchungulia, akamkuta shemeji yako Radjabu anatawadha palepale shinani, kama anavyofanya kila sala. Akacheka mpaka akakaa chini: "Mama, nyanya ikianza kuiva inataka isikie kiu kidogo. Hizi zenu munazitawadhisha kila saa, ziko zinaenda musikitini?"

Basi birika likahamia kwenye migomba, na nyanya zikawa sukari.

Nakutumia chache kwa dereva wa basi. Usishtuke: zimo kwenye sahani ya maua ya marehemu mama, ile tuliyogombania siku ya arobaini yake, ukaondoka bila kuniaga. Ni yako, dada.

Najua, kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Hii baki nayo, urudi wewe.

Mdogo wako,
Mwajuma